Peso Mia Yenye Matundu Manne

Soko la vitambaa la Zhongda lina sheria isiyoandikwa popote wala kuwa na rufaa: sampuli ukiiacha mezani, iage. Itakatwa, itafumuliwa, itachomwa kiberiti ijulikane kama ni pamba. Leokadia wa Bukoba, aliyekuja Guangzhou kwa wiki mbili miaka kumi na moja iliyopita na hajaondoka bado, aliwafundisha wageni sheria hiyo bure.

Kisha akaiacha mezani sarafu ya Marisol.

Ilikuwa peso mia ya Chile, ya madini ya rangi mbili, yenye sura ya mwanamke wa Kimapuche, kabila lililokuwa na nchi kabla nchi haijawa na sarafu. Kwao Chile ni chenji ya dukani. Marisol, aliyepanga naye chumba kimoja mtaa wa Kangle miaka minne, alimpa siku aliyokimbilia ndege ya kwao mipaka isije ikafungwa kwa korona, naye akachukua shilingi mia mbili ya Tanzania. Kila mmoja atunze ya mwenzake, watarudishiana wakikutana.

Mteja wa Arusha alipotaka vifungo vya koti vinavyofanana na hela, Leokadia akampa sarafu ile laoban, bosi wa duka la vifungo.

"Iangalie tu. Narudi baada ya saa moja."

Alirudi baada ya siku mbili. Vifungo elfu tano vilikuwa tayari. Sarafu nayo ilikuwepo, ina matundu manne usoni pa yule mama.

"Kifungo chako hakikuwa na matundu," laoban akasema kwa upole. "Nimekitoboa. Sikudai kitu."

Humphrey, msafirishaji wa mizigo kutoka Moshi, alicheka hadi akakalia robota.

"Dada Leo! Kitu cha agano unamwachia laoban? Si bora ungemwachia jino!"

"Nyamaza, Humphrey."

"Sasa mwambie akutengenezee kimoja kisicho na matundu. Huyo Mchile atajuaje?"

Leokadia alimtukana, kisha akaenda kukiagiza.

Oktoba Marisol alikuja kwa siku tatu. Walikutana kwenye mgahawa wa tambi, wakazungumza Kichina cha sokoni, lugha yao pekee ya pamoja, tajiri wa maneno ya kushusha bei na maskini wa maneno ya kuomba radhi. Marisol akaweka mezani shilingi mia mbili, imesuguliwa hadi simba wanang'aa. Leokadia akaweka ile mpya.

Marisol akaiinua, akaipima kiganjani.

"Nyepesi."

Leokadia akatafuta mkobani, akatoa ya kweli. Marisol alipitisha kidole juu ya matundu, moja baada ya jingine.

"Ungenipa hii kwanza," alisema, "ningecheka."

Akaitia mfukoni, akaisukuma shilingi upande wa Leokadia, akamaliza tambi zake kwa adabu na kuondoka. Walikuwa wamerudishiana, kama walivyokubaliana.

Leokadia alikuwa amefika mlangoni pale mwenye mgahawa alipomkimbilia, ameshika kile kifungo kisicho na matundu.

"Rafiki! Umesahau hela yako."