Nilimwonea wivu mdogo wangu, nikaua bwawa la spirulina kwa urea

Wakuu, habari za mchana. Vijana, marahaba hata kama hamjanisalimia.

Haya yamenitokea mwenyewe. Sijaongeza kitu, aibu iliyopo inatosha.

Mimi ni mzee wa kidato cha nne, nalima mahindi huku Terrat. Mdogo wangu Elia yuko Tengeru, anafuga spirulina. Kwa wasioijua, ni bakteria wa kijani wanaopenda maji ya chumvi na magadi. Wanakaushwa, watu wanachanganya kwenye uji.

Kilichoniuma si bakteria, ni binti yangu Neema. Nimemsomesha sayansi kwa mahindi yangu, alipomaliza akaenda kufanya kazi kwa baba yake mdogo. Kila status ni bwawa la Elia. "Baba mdogo ni noma!" Mimi sijawahi kuwa noma kwa mtoto huyu.

Basi nikachimba bwawa langu, nikatandika turubai. Elia akanipa ndoo ya mbegu, yaani maji yenye bakteria hai, bila hiyana. Neema akanielekeza: "Baba, naitrojeni yao wanaipata kwenye hii chumvi ya naitreti niliyokuwekea. Usiongeze kitu bila kuniuliza."

Nikaitikia.

Lakini kijani changu kilikuwa kimefifia, cha Elia kama sukuma wiki. Na Neema alikuwa amesema Jumapili baada ya ibada watakuja wote kuona.

Sasa mkulima wa mahindi akiona kijani kimefifia anafanya nini? Nikamwaga urea.

Mwanzoni kikakolea, nikawa nacheka peke yangu. Nikaongeza kopo lingine, kubwa. Jua nalo likawaka.

Jumapili wanafika, bwawa ni la njano na linanuka kama choo cha stendi.

Wakuu, mnajua nilisema nini? Nilisema Elia amenipa mbegu mbovu makusudi. Mbele ya mtoto.

Elia akainama, akanusa. "Kaka, umewapa urea?"

"Wewe ulitaka nishindwe!"

Neema akadakia. "Baba, hii ni amonia. Urea ikivunjika ndiyo inayotoka. Ikiwa kidogo wanaikimbilia, kwao ni chakula rahisi. Naitreti wanaifungia mlango, maana hiyo lazima waibadilishe kwanza kwa nguvu zao. Ndiyo maana ulifurahi mwanzoni. Lakini kwenye maji ya magadi, amonia ikizidi ni sumu. Umewaua mwenyewe, halafu unamsingizia baba mdogo."

Mke wangu akatoka jikoni. "Mwombe mwenzio msamaha, mzee, chai inapoa."

Sikuomba. Wakaondoka. Chai haikunywewa.

Baadaye nilimpigia Elia, nikaomba msamaha. Alicheka tu: "Kaka, njoo uchukue ndoo nyingine." Neema ndiye aliyenichotea. Akaniambia shikamoo kama anavyomsalimia mteja.

Bwawa limerudi kijani. Neema hajaja kuliona.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujamwaga mbolea, jua unayemlisha anakula nini na kwa kiasi gani. Na ukiharibu, sema "nimeharibu" palepale, kabla hujatafuta wa kumtupia lawama.

Wivu bado ninao, siwadanganyi. Nikiona picha ya bwawa la Elia nazima simu.

Kama kuna mzazi humu aliyenuniwa na binti yake wakapatana, aniambie alianzaje. Hata mnaotaka kunicheka, karibuni, nasoma yote.