Namna Tulivyonunua Furu ya Mjane

Enzi za Zaïre, watu wa Goma walisifu kompani ya jamaa yetu, ati tunanunua bulanjeri za wengine, nyumba za kuchoma mikate, bila ugomvi. Ptuu! Mimi niliolewa mle, bibi ya mutoto wa tatu wa muzee mwenye kompani, na najua namna tulivyokuwa tunanunua. Tulianzia kwenye kilio.

Mwenye furu moja, tanuri la mikate, kule Ndosho alikufa. Mwili haujatoka hata nyumbani, muzee alishatuma gunia la maharage na viazi vya Kibumba. Kisha akanituma mimi, kwa sababu niliimba kwaya moja na mjane.

"Kaa naye," aliniambia. "Mambo ya kununua usiyataje. Wewe lia tu, na usikie anaogopa nini."

Na nililia kweli, Mungu wangu! Nilipika, niliosha vyombo, nilibeba mutoto wake mgongoni. Halafu nilirudi kumweleza muzee kila kitu, naye anasikiliza huku anachokoa meno. Hadi leo nikikumbuka yale meno natema mate, na si kwa ajili ya muzee peke yake.

Mjane aliogopa jambo moja: kukosa kazi ya kulisha watoto wake sita. Basi wiki ya tatu muzee akaenda mwenyewe, mimi nyuma yake, akavua kofia, akaketi kwenye mkeka.

"Mama, sisi tutachukua furu, lakini wewe utabaki pale pale, unachoma mikate yako. Sisi ni jamaa."

Mjane akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akasinyi karatasi.

Uongo mtupu! Tangu siku ya yale maharage tulishakubaliana mezani kwetu, mimi nikiwa napakua ugali: furu ile itavunjwa, ili watu wa Ndosho wale mkate wetu, wapende wasipende. Mkate wenyewe mgumu, hata sisi hatukuupenda.

Siku waashi walipoanza kubomoa, mjane alinikuta nimesimama kwenye vumbi la matofali. Hakupiga kelele.

"Mwanangu, ulijua?"

"Hapana, mama."

Akanikumbatia, yeye aliyebaki bila kazi, akanipangusa vumbi usoni kwa kitenge chake cha kilio.

"Pole," akasema. "Kumbe na wewe walikudanganya."

Nikamwacha anifariji.