Besi Fupi Nyuma ya Akina Mama

Gita la besi la kwaya yetu lilinuka. Lilikuwa mali ya kanisa, pale mjini Kasese, na kabla yangu lilikuwa limepita mikononi mwa watu watatu wenye viganja vya jasho. Nyuzi zake zilikuwa na utando mweusi; ukiukwaruza, ukucha unabaki na kitu kama nta ya sikio. Ndani ya mkoba wake mende walitaga, wakaangua, wakahama. Lakini lilikuwa refu. Ukilivaa, shingo yake ilienda pembeni mpaka ikaziba nusu ya dirisha, na waumini wa benchi la mbele walijua kwamba kwaya ina besi hata kabla hawajaisikia.

Nililipiga kwa miaka mingi kwa sababu moja ya aibu. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na makala mawili matatu ambayo hakuna mtu Kasese aliyeyasoma, na kazi pekee ambayo mji mzima ulinihitaji niifanye ilikuwa kupiga besi siku ya Jumapili. Kwenye kwaya waliniita Profesa, kama mtu anavyomwita mbwa wake Simba.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nilipanda kijijini Mahango, kule milimani, kumsaidia mama yangu kupogoa kahawa, nikajikata kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwa panga. Nilikuwa namweleza mama namna bora ya kupogoa. Kidole kilipona kikiwa kimepinda kama ndoano, hakikunyooka tena.

Kwa asiyelijua, gita refu la besi lina vyuma vya shingoni vilivyoachana sana kule mwishoni, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi, na huko ndiko kidole kidogo kinakotakiwa kufika. Changu kilifika nusu ya safari kikaketi. Kila tulipoingia kibwagizo cha wimbo wetu mkuu, niliikosa noti moja ya chini, ileile, na mwalimu wa kwaya alinigeukia kwa uso wa mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Profesa," aliniambia siku chache kabla ya safari ya Bwera, mpakani mwa Kongo, ambako tulialikwa kuimba kwenye ibada ya shukrani, "ukiikosa na kule, besi atapiga mtu wa kinanda kwa mkono wa kushoto. Wewe tutakupa kayamba."

"Kayamba wanapiga akina mama."

"Ndiyo. Watakufundisha."

Sasa, kwaya yetu ilikuwa na desturi: hakuna chombo kilichotoka mjini bila kuombewa na kupakwa mafuta. Kazi hiyo ilikuwa ya kiongozi wa maombi, mama mzee aliyetuombea wote tangu tukiwa tunaimba soprano. Kwa kawaida alidondosha tone moja kwenye mwili wa gita, basi. Safari hii alikuwa amesikia habari za kidole changu, akaona tatizo limezidi tone. Mafuta yalikuwa ya kupikia. Aliyamimina juu ya shingo ya gita, akayasugua kwenye nyuzi zote nne kwa kiganja, toka vigingini mpaka chini, macho ameyafumba, akilitaja jina langu kamili.

Niliona yote. Ningeweza kusema neno. Lakini utamwambiaje mama wa umri ule, katikati ya maombi ya kidole chako mwenyewe, kwamba anakaanga gita? Nilisema amina, na kwa sauti kubwa.

Tulisafiri nyuma ya pikapu iliyo wazi. Tuliacha lami ili kuwachukua waimbaji wawili huko Munkunyu, na zipu ya mkoba ilikuwa imekufa siku nyingi. Tulipofika Bwera nyuzi zilikuwa zimeota manyoya mekundu ya vumbi. Nilipangusa kwa kitambaa, vumbi na mafuta vikawa uji, uji ukaingia chini ya nyuzi ukakaa pale. Gita lilinuka mandazi ya juzi. Nilipobonyeza uzi, kidole kiliteleza kwenda mahali pengine kabisa, na hicho kilikuwa kidole kizima. Ilibaki saa moja ibada ianze.

Mwenyeji wetu mmoja alinielekeza kwa fundi karibu na soko, Mkongo aliyevuka mpaka zamani, ambaye alitengeneza redio na magita. Fundi alilipokea gita kwa vidole viwili, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani.

"Papa, nani alikupikia iyi guitare?"

"Imeombewa," nilisema.

"Ah. Kumbe kule kwenu beko na maombi ya nguvu."

"Unaweza kuisafisha?"

"Naweza. Mais leo, hapana. Mafuta ilishaingia mu mbao. Twaa iyi."

Alitungua kitu msumarini. Kilikuwa besi aliyoichonga mwenyewe kwa mti wa mugavu na kuipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka geti la mtu. Shingo yake iliishia pale ambapo shingo ya besi halisi ndiyo kwanza inaanza kupata heshima. Isitoshe, ukuta wenye msumari ule ulikuwa wa pamoja na muuza samaki wakavu, na mbao ilikuwa imenywa ile harufu mpaka moyoni. Nilikuwa nimetoka kwenye mandazi, sasa naingia kwenye kitoweo.

"Iyi ni ya mutoto," nilimwambia, kwa Kiswahili chake, ili tusi lisipotee njiani.

"Uyo mutoto iko na kidole muzuri kuliko yako. Kamata."

Nikakamata. Vyuma vilikuwa karibu karibu, kama majirani wanaoombana chumvi. Na uzi mfupi hauhitaji kukazwa sana ili utoe sauti ileile. Kwa hiyo umelegea, unakipokea kidole, na sauti inatoka nene, ya mviringo, kama ya mtu mnene anayeongea bila kuharakishwa. Kidole changu kilichopinda kilitua kwenye ile noti ya chini bila kunyooshwa. Nilirudia mara tatu kuhakikisha. Nilichukia kila kitu kuhusu lile gita: rangi, harufu, udogo wake, na zaidi ya yote, kwamba sikutaka kulirudisha msumarini.

Pale kanisani mwalimu wa kwaya alilitazama kwa muda.

"Profesa, ile nyingine iko wapi?"

"Hii hapa mkobani. Imelowa."

"Na hiyo?"

Mama mmoja wa sauti ya pili akanijibia: "Ile kubwa imezaa njiani." Kwaya nzima ikacheka, hata mtu wa kinanda, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari.

"Simama nyuma ya akina mama," mwalimu alisema. "Shika chini. Watu wa Bwera wasione." Kisha akalichukua gita refu, na mafuta yake yote, akaliketisha kwenye kiti mbele ya kwaya.

Kwa hiyo nilipiga nikiwa nimeinama, nikitazama migongo ya vitenge, nikinuka samaki. Kibwagizo kilipofika, noti ilikuja. Niliisikia ikipita chini ya sakafu. Mwalimu aligeuka na ule uso wake ulio tayari kuuma jiwe, akatafuna, hakukuta kitu, akageuka tena mbele.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa la pale alikuja kutupongeza. Aliligusa gita refu lililokaa kitini. "Besi hii iko na nguvu," akasema, kisha akapangusa vidole kwenye suruali.

Wiki iliyofuata nilirudi Bwera kwa baiskeli yangu, nikamwachia fundi kuwa malipo, na ile takataka ya kijani ikawa yangu. Kayamba sikupewa tena. Na mpango haukubadilika kwa miaka iliyofuata: kila safari, gita refu liliombewa, likamiminiwa, likapanda pikapu na kuketi mbele ya watu, mimi nikasimama nyuma ya akina mama na besi fupi niliyoifunga kwenye kitenge.

"Kidole kimepona?" mama wa maombi aliniuliza kila mara, chupa mkononi.

"Wasingya, asante mama. Siku hizi kinafika."

Alishukuru, akaongeza mafuta. Nami, msomi, nilishikilia ile shingo inayonata ili apake vizuri, nikabana pumzi, nikasema amina.