Herufi Moja Iliyosimamisha Mashine

Wafanyakazi wangu wote waliketi sakafuni wakagoma, na aliyewaambia wagome ni mimi.

Hivyo ndivyo meneja alivyoambiwa.

Naitwa Rodah. Nafanya kazi katika kiwanda cha chai huku Konoin, kwenye chumba cha kuchambua chai kavu. Shule ya jioni nilianza nikiwa tayari mama wa watoto wakubwa, na hiyo shule ndiyo iliyonipa usupavaisa wa chumba hicho. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Kosa moja tu, narudi shambani kuchuma majani.

Wiki hiyo mwalimu alitufundisha kwamba kiongozi hujitawala kwanza. Aseme machache. Asipandishe sauti.

Niliyaombea maneno yangu. Asubuhi nikasimama mbele yao.

"Kuna kusengenyana hapa. Hata mimi nimesengenya. Kuanzia leo, tukome."

Waliangaliana.

Opiyo akazima mashine. Dolphine akavua aproni, akaikunja, akaikalia. Wengine wakafuata.

Sikuelewa. Wala sikuhisi kitu. Nilisimama tu kama mtu anayengoja mvua ipite.

Meneja, Bwana Omariba, aliingia akihema.

"Rodah! Umewaambia wagome?"

"Hapana, bosi. Nilisema tukome."

"Si ndiyo hiyo! Umesema tena!"

"Tukome, bosi. Tu-ko-me."

"Mama, unarudia mbele yangu?"

Mtu akacheka nyuma. Sisi Wakipsigis, K na G hukaa nyumba moja mdomoni. Nilijaribu tena, ikatoka vilevile: tugome.

Basi nikainama mezani, nikaandika kwa kidole kwenye vumbi la chai: KOMA.

Akasoma. Kisha akapitisha kidole chake kando ya maandishi yangu, akakitazama.

"Hili vumbi ni la lini?"

"La leo, bosi," Dolphine akajibu kutoka sakafuni. "La jana liko kifuani."

Feni ya kuvuta vumbi ilikuwa imekufa tangu mvua ndefu. Walikuwa wameniambia. Mimi nilimwambia meneja mara moja tu, akasema ningoje. Nikarudi nikawaambia, "Tuliombee hili jambo."

Bwana Omariba akakohoa.

"Fundi wa umeme aje leo. Na wewe Rodah, siku nyingine ukiwa na neno kubwa, andika."

Kazi yangu ikabaki. Nilingoja furaha ije. Haikuja.

Wakati wa kutoka nilimkuta Opiyo kwenye bomba, akinawa mikono.

"Opiyo, umeishi na Wakipsigis kwa muda gani?"

"Nimezaliwa kambi hii hii ya wafanyakazi, madam."

"Kwa hivyo ulisikia K."

Akafunga bomba polepole.

"Sote tulisikia K, madam. Lakini tulihitaji G, na ni wewe uliyekuwa nayo."

"Mbona hamkuniambia tu kwamba mmechoka?"

"Ungeliombea."

Hakusema kwa ubaya. Aliniaga vizuri, akaenda zake.

Jioni hiyo darasani sikuandika chochote. Mwalimu aliuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Bado naomba kila asubuhi, na sitaacha. Lakini wewe unayesoma, kama umepewa watu wa kuongoza, nisikilize. Wakikuletea shida yao, Mungu ameshaisikia kabla yako.

Aliyebaki kuambiwa ni meneja.