Nilipaka Mafuta Ili Kipimo cha Ubongo Kisinipate

Mimi hakuna jambo la kunishangaza! Niliacha shule darasa la tano, nikatembeza leso begani, leo nina duka Biashara Street. Matapeli wote wa mji huu nawajua. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu. Ndugu zangu, nilikosa, na sikutumwa na mtu.

Nilianza kuzimika. Napima kitambaa, mara kimya, macho yamesimama, mkono watetemeka. Nikizinduka, mteja ananitazama kama kaona jini. Daktari akaniandikia EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, na akanikataza kuendesha gari.

Mke wangu akashika maagizo yote. "Baba Salma, nywele uoshe kwa sabuni, mafuta usitie. Dawa za presha meza kama kawaida. Na usiku usilale sana, wamesema."

Nikashuku. Mbona ayajua yote haya? Na kakake, mbona kila siku aulizia duka? Nikaona wazi: wanataka niambiwe nina wazimu, wanipokonye mali!

Basi nikachukua mafuta ya habasoda niliyosomewa kukinga husuda, nikajipaka kichwa kizima, nikavaa kofia. Na usiku nililala fofofo.

Kesho yake hospitali, dada wa kipimo akanivua kofia. "Mzee wangu, mbona kichwa chang'aa hivi? Hukuambiwa usipake?"

"Sikuambiwa!"

"Yallah!" mke wangu akaruka. "Nimeimba wiki nzima!"

Dada akafuta, akabandika nyaya. Zikateleza. Akabandika tena, zikateleza. "Hapa sipati kitu. Kaoshe, urudi siku nyingine."

Moyoni nikacheka. Nimewaweza! Sikurudi.

Juma lile lile nikachukua ufunguo wa gari. "Daktari alikukataza," mke wangu akasema.

"Daktari, au kakako?"

Akapanda, kwa kuwa hakutaka niende peke yangu. Tulipofika Kizingo nikazimika. Nilipozinduka, gari lilikuwa ndani ya geti la watu, na mke wangu apiga mayowe. Mguu wake ulikuwa umevunjika. Ole wangu!

Kakake ndiye aliyetubeba. Ndiye aliyefungua duka langu tulipokuwa hospitali, na jioni akaniletea mauzo. Nami, kwa roho yangu mbaya, nikayahesabu mara mbili mbele yake! Yalikuwa sawa. Hilo lanichoma hadi leo.

Nikarudi kupimwa, nywele safi. Nikamuuliza yule dada kwa siri: "Mashine hii yajua ninayowaza?"

Akaangua kicheko. "Ingekuwa hivyo mzee, foleni ya wake waletao waume zao ingefika Kilindini!"

Wallahi, hakuna maumivu! Nyaya hazikuingizii umeme, zausikiliza tu ule wa ubongo. Fumba macho, fumbua, vuta pumzi, taa yamulika, basi. Kumbe ni kifafa, si wazimu, na sasa nameza dawa.

Nanyi mnaoshuku kila mtu kama mimi, sikilizeni! Osheni nywele, msipake kitu. Dawa msiache mpaka daktari aseme. Jambo usilolielewa, uliza, hakuna atakayekucheka kuliko nilivyochekwa mimi. Na ukikatazwa gari, kaa kitako!

Geti la watu, gari, mguu wa mama watoto, kipimo nilichokiharibu na kile cha pili: shilingi laki sita, elfu arobaini na mbili, mia tatu.