Glavu za Zahanati na Korosho za Mke Wangu

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu, na wiki iliyopita nilijiaibisha mwenyewe. Glavu zilikuwa zimekwisha, wajawazito wakaambiwa waje na zao. Nilichoka na visingizio. Nikaitisha mkutano, nikatangaza mbele ya kijiji kizima kwamba nesi anaziuza, aondolewe. Watu wakapiga makofi.

Nesi akainuka na karatasi mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Glavu zetu ziko wapi?"

"Karatasi hii ya mapokezi ya glavu nimeifuata bohari ya dawa, Lindi. Katoni ililetwa Ijumaa ile nilipokwenda kupima wajawazito vijiji vya jirani. Saini hii ni ya nani?"

Nikavaa miwani. Ilikuwa yangu. Jamani! Niliipokea nikiwahi msikitini, nikamwachia mke wangu, nikasahau kabisa.

"Mama Rukia," nikaita kwa unyonge, "ile katoni iko wapi?"

"Ya glavu?" akajibu kutoka upande wa wanawake. "Si nilidhani umenihurumia, mafuta ya maganda ya korosho yanavyonibabua? Tumebangulia na wenzangu hawa wote, zimekwisha."

Mikono iliyonipigia makofi ikaanza kujificha ndani ya kanga, mmoja baada ya mwingine.