Sharifa na Moshi Usio na Harufu

Saa moja asubuhi, mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu. Sharifa Bulaimu amechuchumaa nyuma ya jenereta inayonguruma. Haitazami injini. Anamtazama kifaranga aliyemweka kwenye kikapu karibu na bomba la moshi.

"Akisinzia, tunakimbia," anasema. "Moshi huu hauna harufu, hauna rangi. Unakuja kama usingizi. Na usingizi, nani anaukataa?"

Sharifa, mwenye miaka 38, ni fundi wa jenereta. Siku nzuri anatengeneza tatu. Siku mbaya watoto wake wanakula ugali bila hata sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Moshi huo anaujua tangu mwaka 2002, vita vilipoubana mji. Baba yake alikuwa akichaji betri za majirani. Akaogopa askari wasije wakasikia jenereta, akaiingiza ndani na kuziba madirisha kwa magunia.

Sharifa alikuwa na homa. Akalala kizingitini, pua kwenye ufa wa mlango, akitafuta baridi. Kulipokucha jenereta ilikuwa imezima kwa kuishiwa mafuta. Baba, shangazi na wadogo zake wawili walikuwa wamekaa sebuleni, midomo myekundu, nyuso nzuri kuliko za jana.

"Niliwaamkia," anasema. "Nikawaamkia tena."

Miaka mingi baadaye, Isidore, mwalimu wa kemia, alimwonyesha kitu kilichotolewa kwenye bomba la gari bovu: sega la udongo mgumu, lenye matundu kama la nyuki, limepakwa vumbi la platini lisiloonekana kwa macho. Likifungwa kwenye bomba la jenereta, linapunguza sumu.

"Kila chembe ya platini iko na viti vyake," Sharifa anaeleza. "Sumu inakaa, hewa nzuri inakaa pembeni yake, zinaungana, zinatoka bila ubaya. Lakini sega ikiwa baridi, sumu inawahi viti vyote. Hewa inakosa pa kukaa. Mpaka sega ipate moto."

Mwaka jana aliuza masega saba. Moja alilinunua Yannick, kijana mwenye duka la kuchaji simu nyumbani kwake. Wiki mbili baadaye Yannick alimjia anacheka, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, sega yako nimeisugua na majivu na muchanga! Inangaa kama sufuria ya arusi!"

"Umeisugua?"

"Na brosi ya chuma. Muke yangu Francine alisema nyumba yenye mutoto haiweki uchafu."

Sharifa alisimama. Vumbi lile lote, viti vile vyote, vilikuwa vimemwagwa uani pamoja na maji machafu.

"Jenereta iko wapi?"

"Ndani. Si kuna mvua? Weye ulisema sega inakula sumu."

"Nilisema inapunguza! Francine na mutoto wako wapi?"

"Banalala."

"Saa ine ya asubuhi, Yannick?"

Kicheko kikamkauka kijana. Walikimbia wote wawili.

Francine alikuwa mkekani, midomo myekundu, mtoto kifuani akitabasamu. Waliwaburuta hadi kwenye mvua. Mama akatapika. Mtoto alikaa kimya muda ambao mzazi hapaswi kuujua. Ndipo akakohoa.

Baadaye Francine alisema kitu ambacho Sharifa hapendi kukirudia. "Niliona watu wane wamekaa sebuleni, Yaya. Wazuri. Wananingojea." Sharifa hakuwa amemsimulia habari za nyumbani kwao.

Enyi wenye watoto, jenereta ikae nje. Mvua inyeshe, mwizi aje, ikae nje. Uzuri wa sega usiwadanganye: lililong'aa ndilo lililokufa.

Tangu siku ile Sharifa ameacha kuyauza. Amezunguka mji akiyakusanya moja moja, na watu wamemtania: "Fundi, umekuwa muchawi wa kukusanya vitu vyako?" Amepata matano. Mawili yalinunuliwa na wachimbaji madini wa Kalima, ambao hushusha pampu za maji zenye injini hadi ndani ya mashimo.

Amewapigia simu. Inaita tu.

Jumatatu atapanda pikipiki kwenda huko. Ameshafungasha chakula, na kamba ya kuwavutia watu juu.

"Sitashuka shimoni," anasema. "Nitasimama juu, nitaita majina yao. Wakiitika, ndio heri yangu."